Padi ya Mkono wa Kushoto

Ninyi mnaoingia kwenye ufundi sasa hivi, someni hii hadi mwisho kabla hamjashika bisibisi. Nimeiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la mjukuu wangu. Darasa la nne lilinipa kuandika na kujumlisha. Mengine nilipewa na mume wangu, na mengine nilipewa na umeme wenyewe kwa kunitupa chini.

Miaka thelathini na ushei nilitengeneza redio pale Same mjini, kwenye kibanda cha mabati jirani na stendi, mimi na mume wangu, Baba Namsifu. Yeye walimwita Fundi. Mimi waliniita mke wa Fundi, hata siku ambazo Fundi yuko shambani na redio zao zote nimezifungua mimi. Nilikuwa na kinyongo kidogo. Kimekwisha.

Lakini leo si redio. Nitawaambia kitu cha mwisho nilichotengeneza, tukiwa tumeshafunga kibanda na kurudi kwetu Bombo, huku juu kwenye baridi. Nilitengeneza padi ya gemu. Padi yenye kioo chake, isiyo na waya, ya kuchezwa kwa mkono mmoja. Mnacheka? Chekeni mmalize, tuendelee.

Gemu liliingia nyumbani kwangu kwa mkono wa Nanzia, mtoto wa binti yetu Namsifu. Alimaliza shule, akaja kukaa nasi akisubiri chuo, akaja na mashine yake ya gemu ya zamani, ile yenye nyaya tatu: njano, nyeupe, nyekundu. Akaichomeka kwenye televisheni yetu ya sebuleni. Nilidhani ataicheza peke yake. Kumbe alikuwa ameniletea mke mwenza.

Baba Namsifu alishikwa na gemu la mpira siku ya pili tu. Mzee wa miaka sabini na tano, mzee wa kanisa, anakaa ukingoni mwa kochi anapiga kelele kama kondakta.

"Njoo uchukue dozi yako, Nanzia!"

"Babu, umebebwa na refa!"

"Refa ni mashine. Mashine haina ndugu. Lete mpira kati."

Mimi niko jikoni, makande yanachemka, nasikia yote. Nikawa nagombeza. "Baba Namsifu, mbuzi hawajala!" Ananijibu, "Waambie ni mapumziko baada ya dakika tano." Hizo kelele zilinichosha. Leo ningetoa shamba la tangawizi nizisikie asubuhi moja.

Kiharusi kilimkuta akifunga kamba ya kiatu. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na ulimi. Tulishuka naye hospitali, tukakaa wiki kadhaa, tukarudi naye akiwa amelala. Mama mmoja wa mazoezi pale hospitali alinishika bega akaniambia, "Bibi, mkono wa kushoto una nguvu, lakini asipoutumia nao utalala. Mpe kazi. Kazi yoyote atakayoipenda." Nikasema sawa. Nikampa mpira wa kufinya, akauachia ukaanguka. Nikampa maharage ya kuchambua, akayaangalia kama matusi. Kisha akageuza uso ukutani, akabaki hivyo. Uji anakunywa vijiko vitatu. Ukimwita hageuki.

Sikutaka atembee. Sikutaka hata aongee, hilo nilimwachia Mungu. Nilitaka ageuke tu kutoka ukutani, aniangalie.

Mtauliza, kwa nini tusihamishe televisheni ikaingia chumbani? Tuliihamisha. Tukaiweka juu ya sanduku. Sasa mtu aliyelala hivyo lazima umgeuze kila baada ya muda, la sivyo mgongo unaoza. Akilala upande wa kulia anaiona. Ukimgeuza kushoto anaona ukuta. Ukimlaza chali anaona dari. Na padi ya Nanzia ni ya mikono miwili, yeye anao mmoja. Aliishika siku ile, dole gumba la kushoto likasukuma kile kijiti cha kuelekeza, mchezaji akakimbia vizuri, lakini vitufe vya kupiga pasi na kufunga viko upande wa kulia. Mchezaji akakimbia na mpira mpaka nje ya uwanja. Mume wangu akaiweka padi kifuani polepole. Televisheni tukairudisha sebuleni, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa ukuta.

Nilikaa jikoni nikawaza. Kinatakiwa kioo kinachogeuka pamoja naye, na vitufe vyote viwe chini ya vidole vitano. Duka la kuuza kitu kama hicho sijaliona. Nikamwambia Nanzia, "Kesho tunashuka Same."

Kabla ya Same niwaambie nilivyofundishwa, maana hamtaelewa makosa yangu.

Nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu alipoanza kunifundisha. Vile vidude vidogo vyenye mistari ya rangi vinavyopunguza umeme, kila rangi ina namba yake, na mimi vitabu vyake vya Kiingereza sikuweza kuvisoma. Akanifundisha kwa mbuzi wa baba yangu. Mweusi amekufa, sifuri. Wa kahawia mmoja. Wekundu wawili. Tulipofika rangi ya chungwa nikamwambia, "Baba yangu hana mbuzi wa rangi ya chungwa." Akasema, "Leo anao watatu." Mpaka kesho nikiona mstari wa chungwa naona mbuzi watatu wanakula mahindi ya watu.

Na kapasita alinifundisha kwa ndiva. Ninyi wa mjini labda hamjui ndiva. Huku milimani kwetu chemchemi ni ndogo, ukiielekeza moja kwa moja shambani maji yanafia njiani. Kwa hiyo wazee walichimba bwawa, ndilo ndiva. Maji yanaingia taratibu na kukusanyika, na zamu yako ikifika unafungua mlango, yanashuka kwa nguvu mpaka mgomba wa mwisho. Baba Namsifu alinishikisha kapasita kubwa kama kidole gumba akasema, "Hii ni ndiva. Umeme ukipungua juu, huku chini hawatajua." Basi. Sijawahi kusahau, na wala sijawahi kusoma.

Alikuwa na ukali wake. Mfugaji mmoja wa Kisiwani alileta redio, anasema imekufa. Mume wangu ametoka. Nikaifungua, nikapima, nikabadilisha transista, nikachoma upya nyaya zote, jasho linanitoka. Saa mbili nzima. Baba Namsifu akaingia, akamsalimia mgeni, akanyoosha mkono, akazungusha kile kifundo cha sauti. Redio ikapiga kelele mpaka mbuzi wa mtu akaruka. Mbele ya mgeni hakucheka. Alinicheka nyumbani, siku tatu. Nakula, anazungusha vidole viwili hewani. Nafua, anazungusha.

Na sheria yake kubwa ilikuwa hii: kinachopiga kelele kifungie kwenye bati. Redio zile za zamani zilikuwa zinaingiliana, taa inalia, injini inalia, kila kitu kinaingia kwenye spika. Yeye alikuwa anakata bati la kopo la maziwa, anatengeneza kijumba, anafunika zile sehemu zinazodaka mawimbi ya jirani. Kimya. "Bati ni blanketi la redio," alikuwa anasema. Hiyo nayo sikuisahau. Ingekuwa heri ningeisahau.

Basi tulishuka Same. Siku hizi pale kilipokuwa kibanda chetu kuna kijana fundi simu, anaitwa Hatibu, ana miwani yenye taa na kiti kinachozunguka.

"Shikamoo bibi fundi!"

"Marahaba. Nataka kioo kidogo na kitu cha kurusha picha bila waya."

Nikamweleza yote. Akakuna kidevu. "Bibi, si umnunulie tu babu tableti? Ina magemu elfu."

"Tableti atacheza na nani?"

"Na tableti."

"Mume wangu hajawahi kupenda kushinda kitu kisichoona aibu. Tafuta nilichokuambia."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akainama chini ya meza akatoa boksi. Ni zile kamera wanazofunga nyuma ya magari, dereva akirudi nyuma anaona kwenye kioo kidogo mbele. Hii ilikuwa isiyo na waya: kirushio kidogo upande wa kamera, kipokeo upande wa kioo. Kamera yenyewe ilikuwa imevunjika. "Kamera ya nini?" nikamwambia. "Kamera yangu ni gemu." Waya wa njano wa mashine ungeingia kwenye kirushio badala ya kamera. Hatibu aliniangalia kidogo, akaacha kunitania.

Alinifundisha na mimi kitu, nakubali. Nilitaka betri, akanipa tatu za laptopu iliyokufa, zile ndefu kama betri za tochi. Nikatoa kichomeo changu niunganishe nyaya kwa risasi kama nilivyozoea. Akanishika mkono. "Bibi, hizi hazichomwi! Ukizipasha moto zinawaka, na moto wake hauzimwi kwa maji ya ndoo." Akanipa kishikizo cha plastiki cha kuzichomeka, na kadi ndogo ya kuzilinda zisijazwe kupita kiasi. Kijana wa kumzaa mimi mara mbili, na alikuwa sahihi. Kwa hiyo na ninyi, mtu mdogo akikushika mkono, mwache akushike.

Tukarudi Bombo. Meza ya jikoni ikawa kibanda.

Nilifungua padi ya Nanzia ya bila waya. Alikuwa nayo moja, akafumba macho nilipoingiza bisibisi. Ndani kuna sahani ya kijani yenye vijidoa vya shaba, kila kitufe na doa lake. Nikachoma uzi mwembamba wa shaba kwenye kila doa, nyuzi kumi na moja, nikazipeleka upande wa kushoto. Macho yangu si yale. Nanzia akashika miwani yangu ya pili mbele ya ile ya kwanza, ndipo nikaona. Mkono wangu ulitetemeka mwanzoni, ulipoguswa na harufu ya risasi inayoyeyuka ukatulia. Mkono una akili yake.

Vitufe vya kwanza nilivitoa kwenye redio kaseti. Vizuri, vinene, lakini vigumu. Nilijaribu kwa kidole changu kidogo cha kushoto, nikashindwa mimi mzima, je, yeye? Nikavunja mausi mbili za kompyuta nikatoa vibonyezo vyake. Vile ukivigusa tu vinaitika. Dole gumba libaki kwenye kijiti cha kuelekeza. Kidole cha shahada kipige pasi, cha kati kifunge goli, cha pete kikimbize. Kidole kidogo nikakipa kazi ya kubadilisha mchezaji. Nilipima kwa mkono wake akiwa amelala, nikatia udongo wa mfinyanzi kiganjani mwake aubane, uniachie umbo. Hakukataa, wala hakuangalia.

Picha ilitoka siku ya kwanza. Kioo kidogo, uwanja wa kijani ndani yake, kama bustani ya mboga inayoonekana kutoka mlimani. Waya wa njano niliugawa mara mbili, mmoja televisheni na mwingine kirushio, picha ikafifia kidogo lakini zote mbili zilionekana. Nanzia akapiga goli la majaribio. Kioo kikazima.

Kikawaka. Akapiga jingine. Kikazima.

"Bibi, kinaogopa magoli?"

Nikakaa nikatazama. Ndani ya padi kuna kijimota kinachotetemesha mkono goli linapoingia. Nanzia alisema nikitoe. Nilikataa. Mtu ambaye nusu ya mwili haihisi kitu, utamnyima kutetemeka? Nikasikiliza. Kijimota kikianza kinavuta umeme wote kwa pupa, kioo kinakosa, kinazima. Jirani wa juu amefungua maji yote, mgomba wako umekauka. Nikacheka peke yangu. Nikachukua kapasita kubwa kutoka redio moja iliyokufa, nikaichoma mdomoni pa kioo. Ndiva. Goli likaingia, mkono ukatetemeka, kioo hakikupepesa. Nikanyanyua kichwa nimwambie mtu, kisha nikakumbuka mtu huyo yuko chumbani anatazama ukuta.

Sasa kosa langu.

Nilitaka kitu kigumu, kisianguke kikapasuka. Nikachukua kopo la bati la biskuti, pana na bapa, nikakata dirisha la kioo, nikatoboa matundu ya vitufe, nikapanga kila kitu ndani vizuri. Nikafunga kifuniko. Nilijivunia. Tukapeleka chumbani. Chenga tupu. Kama theluji ya Kibo imemwagwa mle.

Nikarudi mezani, nikafungua kifuniko, picha hii hapa. Nikafunga, chenga. Nikasema, kuna waya unabanwa kifuniko kikishuka. Nikachoma upya. Nikafunga, chenga. Nikachoma upya nyuzi zote kumi na moja. Nyuzi nzima, zisizo na kosa, nimezichoma mara nne kila moja, mpaka madoa mawili ya shaba yakang'oka na ikabidi niyafuate kwa ncha ya sindano. Wiki nzima. Na mle chumbani vijiko vitatu vimekuwa viwili.

Nilichoka nikamgombeza Nanzia bila sababu. Panya walikuwa wanamsumbua usiku wanatafuna waya wa simu yake, akachukua kopo langu tupu, maana nilikuwa nimetoa vitu vyote nivisafishe, akatia simu na waya wake ndani akafunga kifuniko, lile dirisha akaliziba na sahani ya bati. Asubuhi Namsifu akanipigia mimi.

"Mama, Nanzia yuko wapi? Simu yake haipatikani tangu jana."

"Yupo hapa anakunywa chai."

"Sasa mbona haipatikani?"

Nanzia akafungua kopo. Simu ikaanza kulia ujumbe, mmoja juu ya mwingine.

Nilikaa kwenye kigoda. Bati ni blanketi la redio. Ndiyo. Na nilikuwa nimemfunika mtu blanketi mpaka usoni halafu namuuliza kwa nini haongei. Zile redio za kwetu tulizifungia kelele za jirani zisiingie. Hii yangu uhai wake wote ni kusikia ng'ambo ya ukuta. Sheria ya mwalimu wangu ilikuwa nzuri, mimi niliibeba bila kuuliza ilikuwa ya kazi gani. Angekuwa mzima angenizungushia vidole hewani mwezi mzima.

Bati nikalitupa. Chini ya kitanda kuna redio za watu ambazo hawakuzifuata tulipofunga kibanda, tumezitunza, kila moja na jina la mwenyewe. Nilichagua moja ya plastiki nene ya mwenyewe aliyekwisha kufariki. Nikaikata kwa kisu cha moto, nikaipiga msasa mpaka isikwaruze ngozi ya mgonjwa. Nikaitundika juu ya kitanda kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ili uzito usimlalie na ili igeuke anakogeuzwa. Picha ikaja safi mle chumbani, ukuta katikati na yote.

Nikamwambia, "Baba Namsifu, nimekutengenezea kitu."

Akabaki ukutani.

Nikauchukua mkono wake wa kushoto nikauweka kwenye padi, vidole nikavipanga kimoja kimoja. Akaviacha vikae pale kama vya mtu mwingine. Nikatoka nje, sikutaka anione. Nanzia alikuwa sebuleni na padi yake nyingine ya waya. Aliniangalia usoni, akawasha mechi. Yeye dhidi ya babu yake.

Wachezaji wa babu walikuwa wamesimama kama vigingi. Nanzia akapita katikati yao akafunga. Akapaza sauti kuelekea chumbani, "Babu, moja!"

"Babu, mbili hiyo!"

Nilimwambia kwa macho, acha. Hakuacha. Mtoto huyu ana moyo mgumu, sijui ameurithi kwa nani. "Tatu! Kipa wako amelala, babu, nimletee shuka?" Nne. Tano. "Mzee wa kanisa unanipa zawadi zote hizi?" Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika lakini alifunga la sita, akafunga la saba. "Babu, nikifika kumi natangaza Bombo nzima! Namwambia mchungaji!"

Nilikuwa nimerudi nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Alikuwa chali, uso ukutani, naona kisogo chake na mkono kwenye padi. La nane. Mpira ukaanza kati, miguuni mwa mchezaji wake, na Nanzia akauacha, akawa anamzunguka tu bila kumnyang'anya.

Dole gumba likasogea.

Mchezaji akaenda upande usiofaa kabisa, kuelekea goli lake mwenyewe. Akasimama. Dole gumba likarudi. Mchezaji akageuka. Na kwa kuwa kioo nilikuwa nimekitundika upande huu, wangu, si upande wa ukuta, Baba Namsifu ili aone ilibidi ageuze shingo. Akaigeuza taratibu, kama bawaba yenye kutu. Akatazama kioo. Kidole cha shahada kikabonya, pasi ikatoka, ikanyang'anywa, Nanzia akapiga ukelele sebuleni. Kisha mume wangu akakiacha kioo, akaniangalia mimi mlangoni. Upande mmoja wa mdomo ukapanda.

Uji ulimwagika mguuni. Ulikuwa wa moto.

Hiyo ni mwaka juzi. Mkono wa kushoto haukulala. Sasa anashika kijiko, anajikuna, anampiga inzi. Mama wa mazoezi alipopanda kututembelea aliiangalia ile padi mbele na nyuma, akaniuliza nimesomea wapi. Sauti haikurudi. Niwe mkweli kwenu, sikutengeneza sauti, wala mimi si wa kutengeneza sauti. Natamani kugombana naye. Tulikaa meza moja miaka yote ile, anasema transista, nasema waya, anasema wewe mwanamke mbishi, nasema pima uone. Watu walikuwa wanapita stendi wanadhani tunaachana. Nikifungua kitu siku hizi na nikiona kosa, mdomo unafunguka wenyewe kumwita.

Nanzia amekwenda chuo Moshi. Mashine ya gemu akatuachia. Ina uwezo wa kucheza yenyewe dhidi ya Baba Namsifu, akacheza nayo siku mbili, siku ya tatu nikamkuta anatazama dari. Basi nikachukua padi ya waya. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimetengeneza vitu wakavifurahie wengine, nikakaa kwenye kochi lile ukingoni.

Sichezi vizuri. Wachezaji wangu wanagongana. Lakini nimegundua jambo ambalo sikulitarajia. Kuna ukuta kati yetu, simwoni, hanioni, na bado namjua. Anapiga pasi fupi fupi, anakuvuta uje, anakuonyesha kana kwamba amechoka, halafu anageuza upande wa pili ghafla. Ndivyo alivyokuwa akibishana. Ndivyo hasa. Nacheza naye saa kumi jioni, mbuzi wakiwa wameshakula, na kwa dakika hizo namsikia.

Jana nilikuwa nimefungwa manne. Miwani ikanianguka, ikaingia chini ya kochi. Nikapiga magoti kuitafuta, napapasa, na huku kelele za watazamaji kwenye televisheni zinaendelea, nikajua tu sasa ananimaliza. Nilipoipata na kunyanyuka, mchezaji wake alikuwa na mpira mbele ya goli langu, kipa wangu ameanguka chini, hakuna mtu karibu. Alikuwa amesimama, mguu juu ya mpira. Dakika za mchezo zinakwenda na yeye hapigi. Nilikuwa nimepaza sauti nilipoiangusha, "Ngoja, miwani!", nimesema kama ninavyosema kila siku na vitu visivyojibu.

Nikakaa vizuri. Nikafuta vioo kwa kanga. Nikavaa.

Ndipo akafunga.